Gari Lililolala Njiru

Njiru, 16 Machi 2025

Kwako Kamene, mwenye jina la mama yangu,

Nakusalimu, na natumaini uko mzima huko Jeddah pamoja na joto lao. Sisi huku tuko wazima. Mvua imeanza na njia ya kuingilia kwetu imegeuka uji kama kila mwaka. Sukuma wiki niliyopanda kando ya tangi imeota vizuri kuliko ya jirani yetu Wachira, jambo ambalo yeye hataki kulizungumzia. Kanisani tumeletewa mchungaji mpya, kijana, anahubiri akitembea huku na huku, mara amekupa uso mara amekupa mgongo. Sijaambulia chochote kwake tangu aje.

Utashangaa kupata karatasi. Simu siku hizi hazifai. Mtandao wa huko kwenu umeharibika, ukiongea nasikia kama mtu anayetafuna mahindi makavu. Nimeamua tuandikiane, kama nilivyokuwa nikimwandikia marehemu mama yako nikiwa safari ya Malaba na lori la unga. Shirleen wa saiba, lile duka la kompyuta pale stejini, ataipiga hii picha akutumie, na ukijibu atanichapishia. Ni msichana mwenye adabu, ila huongea akiangalia kompyuta.

Sasa neno lenyewe. Gari lako limelala. Nabonyeza rimoti, milango haifunguki. Hakuna taa, hakuna chochote. Limekauka kabisa, mbele na nyuma. Mimi sijalifanyia ubaya wowote, hilo ujue kabla hujaanza. Wachira anasema magari ya umeme ndivyo yalivyo, leo mazima kesho yamekufa, lakini Wachira pia alisema mvua haitanyesha.

Niambie nifanye nini. Na uniambie ile tarehe ya Agosti, ndege inatua siku gani, nipange mambo.

Ni mimi baba yako,
Munyao

*

Jeddah, 29 Machi 2025

Baba,

Nakusalimu kwa heshima. Barua yako nimeisoma wodini na wenzangu wakacheka kwamba bado kuna mtu duniani anayeandika kwa kalamu. Mimi sijambo. Mwezi huu wa Ramadhani tumekuwa na kazi nyingi, wagonjwa wenye sukari wanafunga hata wakikatazwa, halafu jioni wanaletwa kwetu wakitetemeka. Kesho au keshokutwa ni Idi na labda nitalala siku nzima. Nasikitika kuhusu mchungaji. Mwambie asimame mahali pamoja.

Kuhusu gari, usiogope na usivunje kioo. Hilo gari lina betri mbili. Ile kubwa iko chini ya sakafu, ndiyo inayolisukuma. Nyingine ndogo iko mbele, chini ya boneti, kama ya gari lolote, na hiyo ndiyo hufungua milango na kuliamsha. Ndogo ikifa, gari zima linakuwa maiti hata kama kubwa ina nguvu.

Ndani ya ile rimoti kuna ufunguo wa chuma umefichwa. Sukuma kile kidude cha pembeni utautoa. Fungua mlango wa dereva, vuta kamba ya boneti chini ya usukani, kisha mwombe Wachira alete pikapu yake muazime moto wa betri yake kwa zile nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Ukiona dashibodi imewaka, chomeka waya wa chaji ukutani mara moja na uuache.

Usimwite fundi wa injini. Akianza kutafuta plagi za injini isiyokuwepo atakuharibia.

Baba, nataka kujua mambo mawili na unijibu bila kuzunguka. Limelala tangu lini? Na mara ya mwisho ulilichaji lini? Unajua hilo gari ndilo nililolifanyia kazi miaka yote hii. Bila hilo siwezi kuwazungukia wagonjwa majumbani, kuwafunga vidonda na kuwapima presha, kutoka Njiru hadi Fedha hadi Makadara. Betri kubwa ikifa hakuna kazi, na bila kazi sina cha kunirudisha Nairobi.

Wako,
Kamene

*

Njiru, 27 Aprili 2025

Kwako Kamene,

Salamu nyingi baada ya Pasaka. Tulikula mbuzi kwa shangazi yako Kavata huko Mwala, watu walikuwa wengi, kila mmoja anaongea wakati mmoja, nikaona afadhali nikae nje na mbuzi waliobaki. Kavata anakusalimu. Anasema umekonda kwenye picha. Mimi nilimwambia ni kamera.

Nimekawia kujibu kwa sababu Wachira pikapu yake ilikuwa gereji. Ameipata juzi. Tulifanya ulivyosema. Ule ufunguo wa chuma ulinitoa jasho, nani huficha ufunguo ndani ya ufunguo? Lakini mlango ulifunguka na boneti ikafunguka. Tukaunganisha nyaya, dashibodi ikawaka taa nyingi za rangi zote. Wachira akapiga makofi. Nikachomeka chaji. Ikakataa. Taa ya chaji inawaka kidogo, inazimika. Tumejaribu soketi ya jikoni na ya sebuleni na hata ya Wachira kwa waya mrefu. Gari linaamka lakini halitaki kula.

Umeuliza limelala lini. Ni Januari. Sikukuandikia mapema kwa sababu mtu akizeeka Januari ni majuzi.

Na umeniuliza kana kwamba nililitupa. Basi sikiliza nilivyolitunza. Kila asubuhi nikishapata chai naenda nalifunua turubai, nalifuta vumbi, naingia, naliwasha, naliacha lipate moto kama robo saa, halafu nalizima. Kila asubuhi, hata siku ya mvua. Lori lililosimama bila kuwashwa hufa betri na mipira hukauka, hilo linajulikana na kila dereva kutoka hapa hadi Busia. Mimi nimeegeshewa malori ya tajiri mwezi mzima yakaamka kwa mara moja, kwa sababu nilikuwa nayaamsha. Kulichaji sikulichaji, kwa sababu halikwenda popote. Gari ambalo halijasafiri limetumia nini?

Kwa hivyo kosa si langu. Ni la aliyekuuzia.

Hujaniambia tarehe ya Agosti. Kuna ndege ngapi huko kwani?

Baba yako,
Munyao

*

Jeddah, 4 Mei 2025

Baba,

Salamu. Mimi ni mzima. Joto limeanza.

Nitasema hili mara moja kwa sababu nimekasirika na sitaki kuandika nikiwa nimekasirika mara mbili. Gari hilo halina injini ya kupashwa moto. Halitengenezi umeme likiwashwa, linautumia. Kila asubuhi ulipokuwa ukiliamsha ulikuwa unalinywea damu kwa kijiko, na hukulirudishia hata tone. Ulilitunza hadi ukalimaliza. Najua ulifanya kwa mapenzi na hilo ndilo linaloniuma, sina hata mtu wa kumfokea.

Lakini Baba, robo saa kila asubuhi peke yake haiwezi kulikausha mpaka mwisho kabisa. Likikaribia kuisha huwaka taa yenye picha ya kobe na huwezi kukosa kuiona. Kulifikisha hapo lazima liliachwa limewashwa, mchana na usiku. Je, kuna siku uliliacha? Na ulikuwa ukiniambia unaenda nalo kanisani Jumapili. Gari la kwenda kanisani lingechajiwa. Uliacha kwenda nalo lini?

Yupo fundi anaitwa Awuor, karakana yake iko Makadara nyuma ya mahakama, anashughulika na magari ya umeme peke yake. Nimeshazungumza naye. Atatuma gari la kubeba lije lilichukue. Anasema betri kubwa ikishuka kupita kiasi, gari lenyewe hukataa kuichaji, kwa sababu kuichaji kwa nguvu kunaweza kuiunguza. Ataishusha, aifungue, na azilishe seli zake polepole kwa mashine ya pembeni. Zikikubali, tumepona. Zikikataa, hilo ni bati la kuuza kwa kilo, na mipango yangu yote nayo.

Mpe kila anachotaka na usimfundishe kazi.

Kamene

*

Njiru, 6 Julai 2025

Kwako Kamene,

Nakusalimu. Ni muda. Barua yako niliiweka kwenye droo kwa sababu ilikuwa na maneno makali, na mzazi naye ana moyo. Shirleen alinipungia mkono kila nilipopita pale stejini lakini sikuingia. Baridi ya Julai imefika, nimevaa lile koti ulilonitumia na Wachira ananiita mheshimiwa. Sukuma zimeliwa na viwavi.

Sasa nikwambie kazi ilivyokwenda, kwa sababu ni vizuri kusema ya mtu anayefanya kazi. Huyu Awuor alikuja mwenyewe na lori la kubeba. Ni msichana mrefu, nywele fupi, ananiita "mzee wa kazi" na anasema "niaje" kwa mtu wa umri wangu bila haya. Nilimpenda. Tulienda pamoja hadi Makadara. Waliinua gari, wakashusha ile betri, ni kubwa kama godoro na nzito kuliko magunia ya unga ninayoyajua. Ndani ni vifuko vya bati vimepangwa kama sahani kabatini. Akavipima kimoja kimoja. Vingi vilikuwa vimeshuka sana lakini havikuwa vimevimba. Akasema kama vingevimba angenipa pole na kunirudisha nyumbani.

Akavilisha. Moto mdogo sana, akiacha vipumzike, akipima tena. Nilikuwa naenda na Wachira akienda mjini, nakaa kwenye stuli naangalia. Aliniambia betri iliyokauka huwezi kuipa yote kwa pamoja, itakufia mkononi. Nilikumbuka mama yako alipotoka hospitali tukimnywesha uji. Viwili vilikataa kabisa, akavibadilisha na vya gari lililogongwa. Kazi ilichukua wiki nyingi kwa sababu si gari letu tu.

Jumanne iliyopita aliniita. Alikuwa ameirudisha betri. Akakaa ndani akabonyeza kitufe, mimi nimesimama mbele ya taa nikisubiri. Akashuka na rimoti mfukoni, mlango akauacha wazi. Mara naona ameziba masikio anacheka. Fundi wa matairi wa pale jirani akatoka nje na spana mkononi akifoka. Wachira akaweka vidole masikioni. Mimi nikawauliza, limeamka ama bado? Wakaniangalia wote. Awuor akanyanyua kidole gumba.

Basi limeamka, Kamene. Halitaenda mbali kama zamani, anasema, lakini Njiru hadi Fedha na kurudi halitakuangusha. Liko hapa nyumbani na waya wake ukutani, tokeni za umeme zinakwenda. Sasa huna kisingizio. Umeniuliza maswali mengi katika barua yako na mimi nina moja tu. Agosti ni mwezi ujao.

Baba yako,
Munyao

*

Jeddah, 13 Julai 2025

Baba,

Nakusalimu kwa heshima na naomba unisamehe kwa barua ya Mei. Niliisoma upya na nikaona haya. Asante kwa kukaa kwenye stuli Makadara. Awuor ananiambia ulikuwa unawaletea mandazi.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, hasa pale ulipouliza kama gari limeamka. Baba, lilikuwa linapiga kelele. Ukishuka na rimoti gari likiwa limewashwa hulia, na hulia mpaka mtu arudi alizime. Limetengenezwa hivyo ili lisisahaulike. Wenzako waliziba masikio na wewe umesimama hapo hapo mbele yake.

Si mtandao wa Saudia. Mimi ni nesi, na nilikubali unidanganye kwa sababu ilinifaa. Mtu akikuambia simu ni mbovu, huna haja ya kupanda ndege. Husikii, na ndiyo maana gari lisilotetemeka lilikupoteza. Kwenye lori ungejua kwa makalio kwamba linawaka. Hili halitikisiki, na kelele zake hazikufikii, ukashuka ukafunika turubai ukaenda zako.

Sasa na mimi niseme langu. Siji Agosti. Nimeongeza mkataba wa miaka miwili. Nilitia sahihi Februari, kabla sijajua kwamba gari limelala, kwa hivyo usije ukakaa hapo ukidhani ni wewe uliyenifungia mlango. Niliogopa. Hapa nina wodi yangu na watu wananiita sista, huko nitaanza kubisha milango ya watu nikiwa peke yangu. Niliposema gari ndilo litakalonirudisha, nilikuwa nimeshasaini. Nilikuacha uhangaike na jambo ambalo lisingebadilisha kitu, na hilo linanisumbua kuliko uongo wenyewe.

Gari lisisimame likinisubiri. Yupo Khalayi, tulisoma naye chuo, yuko zahanati ya hapo Njiru na huwazungukia wagonjwa kwa miguu. Nimemwandikia. Ukikubali, alitumie. Ukikataa, nitaelewa.

Na uende ukapimwe masikio. Tafadhali, Baba.

Binti yako,
Kamene

*

Njiru, 10 Agosti 2025

Kwako Kamene, mwenye jina la mama yangu,

Nakusalimu. Mimi mzima, Wachira mzima, mchungaji bado anatembeatembea. Kavata amejua kwamba huji na amesema atanyamaza mwaka mzima, lakini mimi namjua, hatafika Jumapili.

Nilikasirika. Nilipomaliza kusoma nilimrudishia Shirleen karatasi nikamwambia aitupe, halafu nikarudi kuichukua. Miaka miwili ni mingi kwa mtu wa umri wangu na sitakudanganya kwamba haikuniuma. Nilikuwa nimeshapaka rangi chumba chako.

Lakini umesema lako, na mimi nitasema langu. Sisikii. Kushoto nilipoteza zamani, nilifikiri ni vumbi la unga. Kulia kulinifuata mwaka jana. Novemba nilikuwa natoka kanisani na gari lako, pale Kangundo Road nikageuka kuingia kwetu. Nikaona watu kando ya barabara wamepanua midomo na kushika vichwa. Kumbe nyuma yangu kulikuwa na lori la mchanga, linapiga honi tangu mbali, limekosa breki. Lilinipita hivi, likachukua kioo cha pembeni. Nilibadilisha kioo kabla hujauliza. Mimi, ambaye nilikuwa nikisikia beringi ya gurudumu ikianza kufa tangu Naivasha, sikusikia lori zima. Nilifika nyumbani nikalifunika na sikuliendesha tena. Nililiwasha tu kila asubuhi, kwa sababu nikiwa nimeshika usukani nilikuwa bado dereva. Sikutaka kukwambia, ungempa mtu mwingine.

Sasa nimempa mtu mwingine mimi mwenyewe. Khalayi alikuja na sare yake na mkoba, akasimama mbele yangu, akaongea polepole akinitazama usoni. Hakuna aliyewahi kufikiria kufanya hivyo, hata wewe. Alinipeleka kupimwa. Nimewekewa kifaa kimoja sikio la kulia, kinanguruma kama redio isiyoshika stesheni, lakini nasikia kijiko kikigonga kikombe. Sikuwa nimejua kwamba kinagonga.

Anaendesha yeye. Mimi nakaa kushoto namwonyesha njia za kukwepa foleni, kwa sababu yeye ni mtu wa Bungoma na angezunguka Donholm mpaka jioni. Mwanzoni alikuwa ananiuliza kama limewaka, maana hata yeye halisikii. Kwa hivyo humo ndani tuko sawa. Tukirudi nachomeka waya mimi mwenyewe na naangalia taa mpaka ishike, halafu ndiyo naenda kula.

Ijumaa tulikuwa Fedha, ghorofa ya chini, kwa mama mmoja ana kidonda cha mguu. Khalayi alipokuwa akimfunga, yule mama akaniangalia hapo mlangoni nilipokaa na mkoba, akaniuliza kama mimi ndiye dereva. Nilimsikia vizuri. Nikamwambia hapana, dereva ni huyu anayekufunga, mimi ni baba wa mwenye gari. Akauliza mwenye gari yuko wapi. Nikamwambia yuko kazini.

Baba yako,
Munyao